VVU havionekani tena kwenye kipimo, mbona mguu bado una Kaposi?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa utabibu hapa Mwanza. Mjomba wangu anaishi na VVU, dawa anameza vizuri na kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi kilisema havionekani. Lakini mguu wake wa kushoto umevimba na una madoa ya zambarau iliyokolea hadi weusi. Kinyama kilichochukuliwa kimejibu saratani ya Kaposi. Daktari wake alimwambia inaletwa na kirusi kingine kabisa. Nilipojisomea nikakuta kirusi hicho kina “kipokezi chake” kinachoteka mawasiliano ya seli, na hapo ndipo nilipopotea. Sisi tumefundishwa kwamba kipokezi ni cha seli na kirusi hukitumia kuingilia. Kirusi kinapataje kipokezi? Kipokezi kinaletaje saratani? Na dawa ya kukizima ipo?

Jibu: Marahaba, na mpe mjomba pole. Darasani hawakukudanganya, na ulichosoma nacho ni kweli. VVU huingia kwenye seli kwa kushika CD4, kirusi cha UVIKO-19 kwa kushika ACE2. Vipokezi hivyo ni vya kwetu, na kirusi kikishaingia ndani hakina shida navyo tena. Ulichokutana nacho kwenye kusoma ni kitu cha baada ya hapo. Maelekezo ya kuunda kipokezi hicho yamo kwenye DNA ya kirusi. Seli iliyoambukizwa huyasoma kama inavyosoma maelekezo yake yenyewe, inaunda protini, inaisukuma hadi kwenye utando wake wa nje na kuipanga pamoja na vipokezi vyake halali. Kwa hiyo usikitafute juu ya chembe ya kirusi. Kitafute juu ya seli ya mgonjwa.

Kirusi chenyewe kinaitwa KSHV, au herpesi ya binadamu namba 8. Ni ndugu wa kirusi cha tetekuwanga, kile kinachojificha kwenye neva halafu miaka mingi baadaye kinarudi kama mkanda wa jeshi. Ukoo wote wa herpesi una tabia moja: ukishaambukizwa umeambukizwa. Kirusi kinalala, kinaamka, kinalala tena, mpaka unazikwa nacho. Weka hilo akilini, maana hali hizo mbili za kulala na kuamka ndizo zinazobeba ugomvi wote nitakaoueleza mbele.

Ugonjwa ulijulikana muda mrefu kabla ya kirusi. Moritz Kaposi, daktari wa ngozi mjini Vienna, aliuandika mwaka 1872 baada ya kuuona kwa wanaume wachache wa umri mkubwa. Huku kwetu, hasa Uganda, mashariki mwa Kongo na upande wa Tanzania wa kanda ya Ziwa, ulikuwa jambo la kawaida hospitalini kabla hakujawa na UKIMWI, kiasi kwamba mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kuujadili huo peke yake. Kisha mwaka 1981 ukaanza kuwashika vijana wa Marekani kwa kasi ya kutisha, na watu wengi wakahitimisha kwamba VVU ndivyo vinavyouleta moja kwa moja. Wazee wa Kampala wasio na VVU walikuwa ushahidi tosha kwamba sivyo, ila nani aliwasikiliza? Jibu lilipatikana mwaka 1994, pale Yuan Chang na Patrick Moore wa Chuo Kikuu cha Columbia walipochukua DNA ya uvimbe na DNA ya sehemu isiyo na ugonjwa ya mgonjwa yule yule, wakaondoa kila kilichofanana. Walichobaki nacho kilikuwa vipande vya herpesi ambayo hakuna aliyekuwa anaijua.

Sasa tuje kwenye wizi. KSHV ina jeni zinazokaribia 90, na ukizipitia unakuta kadhaa zinafanana mno na zetu. Katika safari ndefu ya kuishi ndani ya wanyama, virusi vya ukoo huu vilijichukulia nakala za jeni za wenyeji wao na kuzirekebisha. KSHV ina nakala yake ya intaliukini 6, protini ambayo seli za kinga hutumia kupeana ujumbe, yenye tofauti ya kuudhi: ya kwetu huhitaji kushika protini mbili juu ya seli ili ujumbe upite, ya kirusi inaweza kuiruka ya kwanza. Ina nakala ya protini inayoihimiza seli igawanyike. Na kwenye nafasi ya 74 ina jeni ya kipokezi, ndiyo maana kwenye vitabu utakikuta kwa jina la ORF74. Ndugu yake wa karibu upande wa binadamu ni CXCR2, kipokezi kinachopokea kemokini, zile protini ndogo ambazo mwili hutumia kuita seli nyeupe mahali penye jeraha au maambukizi.

CXCR2 ni mmoja wa ukoo mkubwa kabisa wa vipokezi tulivyo navyo, vile vinavyofanya kazi pamoja na protini G, mpeleka ujumbe aliye upande wa ndani wa seli. Binadamu ana jeni takriban 800 za ukoo huu. Salbutamoli anayovuta mgonjwa wa pumu, propranololi ya presha, mofini ya maumivu, vyote hufanya kazi kwa kugusa vipokezi vya aina hii. Umbo lao ni moja: mnyororo mmoja wa protini unaopenya utando wa seli mara saba, kichwa kikiwa nje na mkia ukiwa ndani. Kemokini ikigusa upande wa nje, mihimili ile saba inajisogeza kidogo, upande wa ndani unafunguka, protini G inashikwa na kuwashwa, ujumbe unaanza kusafiri. Kazi ikiisha, seli hukipaka kipokezi fosfati, protini nyingine huja kukizima, na mara nyingi kipokezi humezwa ndani kisubiri zamu nyingine. Hakuna kemokini, hakuna ujumbe.

Ukitazama kwa karibu mwisho wa mhimili wa tatu, upande wa ndani wa seli, utakuta asidi amino (matofali yanayojenga protini) tatu zinazojirudia kwenye vipokezi vingi vya ukoo huu: aspatiki, ajinini, tairosini. Aspatiki ina chaji hasi, ajinini jirani yake ina chaji chanya, na mvutano huo ni sehemu ya kinachokishikilia kipokezi kikiwa kimelala. Kwenye kipokezi cha KSHV, mahali pa aspatiki pamekaa valini. Valini haina chaji. Mshiko umelegea na kipokezi kinaegemea upande wa kuwaka. Watafiti walifanya jaribio ambalo mimi nalipenda kwa ufupi wake: walichukua CXCR2 ya binadamu, wakabadilisha aspatiki hiyo moja kuwa valini, na kipokezi halali kikaanza kutuma ujumbe bila kuitwa na kuzifanya seli kwenye sahani za maabara zijiendeshe kama za saratani. Siyo kwamba tofauti zote kati ya vipokezi hivi viwili zinaishia hapo, lakini hapo panatosha kukuonyesha jinsi umbali ulivyo mdogo.

Kama umewahi kuona kazi ya kishoka utaelewa haraka. Mita ya LUKU iko ukutani, tokeni haijaingizwa, ila taa zinawaka kwa sababu mtu amepitisha waya pembeni ya mita. Nyaya za ndani ya nyumba ni zile zile halali. Kilichorukwa ni idhini. Kirusi hakikuleta mfumo wake wa ishara ndani ya seli, kimeunganisha tu mahali pa kuanzia.

Hata hivyo kipokezi hiki si kiziwi kabisa. Kemokini fulani kama GRO-alfa zikikigusa kinaongeza kasi, na nyingine kama IP-10 zinakipunguza. Wanaosema “kimekwama kwenye kuwaka” wanarahisisha. Kwa mtu anayetafuta dawa tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu kitu kinachoweza kupunguzwa na protini ya mwili kinaweza, kinadharia, kupunguzwa na kidonge.

Ujumbe wenyewe unakwenda wapi? Kila mahali, na hilo ndilo tatizo. Maabara ya Ethel Cesarman na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba kipokezi hiki kinawaka chenyewe, na mwaka 1998 kwamba kinaweza kuigeuza seli na kuifanya iite mishipa mipya ya damu. Tangu hapo orodha ya njia zinazowashwa imekuwa ndefu hadi inachosha. Nitakufuatisha moja tu mpaka mwisho, maana ndiyo iliyonifanya mimi nielewe ugonjwa.

Kipokezi kinawasha kimeng'enya kinachoitwa PI3K, nacho kinamwasha Akt. Akt anaifunga protini iitwayo TSC2, ambayo kazi yake ya kila siku ni kuizuia mTOR. TSC2 ikifungwa, mTOR inaachiwa. mTOR ndiyo inayoiambia seli kwamba chakula kipo, ijenge protini, ikue. Kati ya protini zinazoongezeka hapo kuna HIF-1, ambayo kwa kawaida huwa nyingi pale tu seli inapokosa hewa ya oksijeni. HIF-1 ikijaa, seli inaamini inakabwa, inafanya kile ambacho seli yoyote inayokabwa hufanya: inamwaga VEGF nje ili mishipa ya damu iote kuielekea. Oksijeni ipo tele. Njaa ni ya kusingiziwa. Wakati huo huo njia nyingine, ile ya NF-kB, inaifanya seli imwage intaliukini 6 na 8, na mwili unavimba na kuwaka kama penye jeraha, ilhali jeraha halipo.

Usomapo hayo, kumbuka kwamba seli zinazohusika zaidi ni zile zinazotanda upande wa ndani wa mishipa ya damu na ya limfu. Kipokezi hiki pia kinalegeza viungio vinavyozishika seli hizo bega kwa bega. Sasa chukua slaidi ya kinyama cha mjomba uiweke chini ya hadubini. Utaona seli nyembamba ndefu zilizochongoka pande zote mbili, zimejipanga kwa mafungu, na katikati yake nyufa nyembamba zenye seli nyekundu za damu ambazo hazina mshipa kamili unaozizunguka. Ni mishipa iliyoota kwa haraka na kwa ovyo, inavuja. Damu iliyovuja inaacha madini ya chuma kwenye ngozi. Ndiyo maana doa ni zambarau, kwenye ngozi nyeusi likionekana kahawia iliyokolea au jeusi kabisa, na ndiyo maana ukilibonyeza halipotei rangi. Maji nayo yanavuja, njia za limfu zimezibwa, mguu unajaa. Nimeshaona miguu ya namna hiyo ikipewa dawa za matende kwa muda mrefu kabla mtu hajafikiria kuchukua kinyama.

Hapa sasa pana ubishi, na sipendi nikufiche. Ukipima seli za uvimbe wa Kaposi, karibu zote zina kirusi kilicholala. Kirusi kilicholala husoma jeni chache tu, na ORF74 si mojawapo. Kipokezi kinaundwa pale kirusi kinapoamka ili kizaliane, na seli yenye kirusi kilichoamka kwa kawaida inaelekea kufa. Kwenye uvimbe seli za namna hiyo ni asilimia ndogo. Mtu mwenye akili atauliza: seli chache zinazokaribia kufa zinaletaje saratani ya seli nyingi zilizo hai?

Jibu ninaloliunga mkono ni kwamba seli hizo chache hazihitaji kuwa nyingi kwa sababu zinachomwaga kinawafikia majirani. VEGF, intaliukini na kemokini haziulizi nani ana kipokezi cha kirusi. Mwaka 2003 Silvia Montaner na wenzake katika maabara ya Silvio Gutkind waliingiza jeni za KSHV, moja baada ya nyingine, kwenye seli za mishipa ya damu ndani ya panya. Kati ya walizojaribu, ni ya kipokezi hiki iliyoweza peke yake kuanzisha uvimbe unaofanana na Kaposi. Kisha walichanganya seli chache zenye kipokezi na seli nyingi zenye jeni za kirusi kilicholala, zile ambazo zenyewe hazikufua dafu, na uvimbe ukapata nguvu. Panya si mtu, na jeni iliyoingizwa maabara si kirusi kizima. Lakini kuna ushahidi wa upande wa binadamu unaosukuma kule kule. Mwaka 1999 lilichapishwa jaribio la wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa na maambukizi ya sitomegalo, herpesi nyingine, kwenye jicho. Wote walitibiwa jicho, baadhi wakapewa pia gansiklovia ya mwili mzima, dawa inayozuia herpesi kuzaliana. Waliomeza gansiklovia walikuwa na hatari ya kupata Kaposi iliyopungua kwa asilimia 75, na waliochomwa kwenye mshipa kwa asilimia 93. Gansiklovia haimgusi kirusi aliyelala. Ukimzuia aliyeamka na saratani ikapungua kiasi hicho, basi aliyeamka ana mkono wake.

Wanaosema jeni za kirusi kilicholala ndizo zinazofanya kazi kubwa nao hawajakosea: hizo huzifanya seli zisife na ziendelee kugawanyika. Ninachokataa ni kuambiwa tuchague upande mmoja. Gansiklovia ilizuia ugonjwa usianze, ila haijawa tiba ya maana ya uvimbe ambao umeshajengeka. Hilo linanielekeza kwamba kipokezi kina uzito mkubwa zaidi mwanzoni kuliko mwishoni.

Turudi kwa mjomba. Dawa za kufubaza VVU (ARV) hushambulia vimeng'enya vya VVU, na KSHV haitumii vimeng'enya hivyo kujizalisha. Kipimo kusema VVU havionekani hakikwambii lolote kuhusu kirusi cha pili. Dawa hizo zinasaidia Kaposi kwa njia ya kuzunguka: kinga ikirudi, seli za kinga zinawatambua na kuwaua wale wanaoamka, na damu inapungukiwa na protini za VVU ambazo zenyewe huchochea mishipa. Kwa mgonjwa mwenye madoa machache ya ngozi hiyo peke yake mara nyingi inatosha. Mguu uliovimba ni habari nyingine. Kuvimba, vidonda, uvimbe mwingi kinywani, au ugonjwa kwenye utumbo na mapafu ni dalili kwamba anahitaji dawa za saratani juu ya ARV, siyo kubadilishiwa ARV.

Umeuliza dawa ya kukizima kipokezi chenyewe. Hakuna iliyoidhinishwa. Kuna sababu mbili za kueleweka: kinapatikana kwenye seli chache na kwa muda mfupi, na kufikia wakati mgonjwa anafika hospitali moto umeshawashwa kwa majirani. Badala yake imewezekana kukata waya mbele zaidi. Unakumbuka mTOR? Kuna dawa, sirolimasi, iliyotoka kwa bakteria wa udongo wa Rapa Nui, kile kisiwa cha Pasifiki chenye sanamu kubwa za mawe, ambayo kazi yake ni kuizuia mTOR. Inatumika kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Mwaka 2005 madaktari wa Italia walitoa taarifa ya wagonjwa 15 waliopandikizwa figo na kupata Kaposi. Waliwaondoa kwenye siklosporini, wakawapa sirolimasi, na ndani ya miezi 3 madoa ya ngozi yalitoweka kwa wote 15, figo zikibaki salama. Ni nadra kuona biolojia ya maabara ikijibu vizuri hivyo kitandani. Lakini usikimbilie kumwandikia mjomba: sehemu ya matokeo yale ni kuondolewa siklosporini iliyokuwa inakandamiza kinga, na kwa mtu anayetumia ARV zenye ritonavia kiwango cha sirolimasi kwenye damu hupanda kwa hatari.

Kinachotumika huku ni dawa za saratani za kawaida. Kwa miaka mingi ilikuwa bleomaisini na vinkristini kwa sababu ni rahisi kupatikana. Jaribio kubwa lililofanyika Kenya, Uganda, Malawi na nchi nyingine, na kuchapishwa mwaka 2020, lilionyesha paklitakseli pamoja na ARV ni bora kuliko mchanganyiko huo. Penye uwezo, doksorubisini iliyofungwa kwenye vifuko vya mafuta ni nzuri pia. Mwaka huo huo wa 2020 Marekani iliidhinisha pomalidomidi, kidonge kinachozuia mishipa kuota na kuisaidia kinga. Huku kwetu bado ni cha kusoma kwenye majarida zaidi ya kukuta famasi.

Kwa ajili ya masomo yako, usidhani KSHV ni peke yake. Sitomegalo, kirusi ambacho wengi wetu Afrika Mashariki tulikipata utotoni bila kujua, kina kipokezi kiitwacho US28. Hiki kina ujanja wa ziada: kinashika kemokini nyingi tofauti na kujimeza ndani ya seli muda wote, kikizizoa zile zilizokuwa zikiwaita askari wa kinga. Tena tofauti na ORF74, US28 kinaundwa hata kirusi kikiwa kimelala kwenye seli za uboho, na kinasaidia kukiweka katika usingizi huo. Kwa mtu mzima mwenye afya hutasikia lolote. Kwa aliyepandikizwa kiungo, au kichanga aliyeambukizwa tumboni, ni balaa. Kwa kuwa US28 kinajimeza, watafiti wametengeneza kemokini bandia iliyofungwa sumu, seli yenye kirusi ikaimeza yenyewe na kufa. Imeshajaribiwa kwenye mapafu ya wachangiaji nje ya mwili, kabla ya kupandikizwa. Hilo nalifuatilia kwa hamu kuliko mengine yote.

Epstein-Barr, herpesi nyingine tena, nayo ina BILF1, ambacho pamoja na kuwasha protini G kinaziondoa juu ya seli zile protini ambazo kinga huzitumia kutambua seli yenye kirusi. Ina pia LMP1, ambayo si ya ukoo wa mihimili saba lakini inafanya kazi ya kipokezi cha kinga kiitwacho CD40, bila kusubiri ujumbe kutoka nje. Wanafunzi hupenda kuandika kwenye mtihani kwamba LMP1 ndiyo inayoleta limfoma ya Burkitt, ile ya taya iliyoelezwa na Denis Burkitt kutoka hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958. Usiandike. Kwenye Burkitt kwa kawaida LMP1 haipo. Itafute kwenye saratani ya nyuma ya pua na kwenye limfoma ya Hodgkin.

Nimalizie na mambo ya nyumbani, maana najua mama zako na shangazi watakuuliza wewe. KSHV huenea hasa kwa mate, na huku kwetu wengi huipata wakiwa wadogo kutoka kwa mama na ndugu. Hakuna sababu ya kumtengea mjomba sahani, kwani huenda nusu ya wanaokaa mezani wanacho tayari na hawataugua maisha yao yote. Kumtafunia mtoto mchanga chakula kwa mdomo ndiyo tabia ya kuacha, na si kwa sababu ya mjomba tu.

Mwangalie kaakaa, juu kabisa ya kinywa, kwa tochi ya simu. Ukiona bato la zambarau, lisemwe kliniki, maana linaweza kuashiria ugonjwa umeshaingia ndani. Kikohozi kisichoisha au choo cheusi navyo visemwe, hata kama kipimo cha kifua kikuu kimetoka safi. Na kuna hili la mwisho ambalo ningependa ulisimamie wewe mwenyewe: asipewe prednisoloni wala deksamethasoni ya kununua duka la dawa kwa ajili ya uvimbe au kuwashwa. Dawa hizo zinakandamiza kinga na zinaweza kumwamsha kirusi. Kaposi iliyokuwa inatambaa inaweza kuanza kukimbia. Kama daktari mwingine anaona ni lazima azitumie kwa ugonjwa mwingine, ajulishwe kwanza kwamba mgonjwa ana Kaposi. Akiwa anafuatilia kliniki ya VVU (CTC), aombe rufaa ya kitengo cha saratani, hospitali ya Bugando hapo hapo Mwanza, na aende na majibu ya kinyama mkononi, siyo ya kusimulia.